Kiti cha Kabaka na Vita vya Dini

Mwezi huu twataka kuwasimulia habari za nchi iliyo mbali nasi, yaani Buganda, iliyo ng'ambo ya ziwa Victoria Nyanza. Lakini kwanza tutawaambia jambo lililotokea hapa kwetu, katika nchi hii kavu ya Ugogo, kwa sababu ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Katika kijiji kimoja tulichokitumikia alikufa mama mzee. Alikuwa na wana wawili wanaume. Mkubwa ni mtu wa kanisa letu, na mdogo ni Mkatoliki. Mama mwenyewe alisoma kwanza kwetu, kisha alipougua alihamia nyumbani kwa mwanawe mdogo, akasali huko. Siku ya maziko wakaja watu wa pande mbili, na kila upande walisema, "Maiti ni wetu." Jua likapanda, likashuka, na mama yule angali amelala ndani. Nasi twakiri kwa aibu kwamba tulikuwa miongoni mwa waliopaza sauti. Hata mwisho akasimama mzee mmoja mchunga ng'ombe, asiyebatizwa katika kanisa lo lote, akauliza, "Mama huyu alikuwa mmoja alipokuwa hai. Je, amekufa akawa wawili?" Watu wote wakanyamaza.

Jioni ile baba mmoja wa darasa letu akatuambia, "Mwalimu, taabu hii yatokana na kukosa mfalme. Laiti tungekuwa na mfalme mmoja mwenye nguvu, naye awe mtu wa dini yetu, angetoa amri moja tu, na ugomvi ungekwisha." Hatukumjibu siku ile, maana mioyo yetu ilikuwa mizito. Leo twamjibu, yeye na wengine wenye mawazo kama yake. Watu wa Buganda walikuwa na mfalme mwenye nguvu kuliko wote katika nchi zile, na dini tatu zilishindana ili zimpate. Sikilizeni yaliyowapata.

Njia iliyopita kwetu

Habari hizi si ngeni kabisa kwetu, kwa maana njia ya zamani ya kwenda Buganda ilipita katika nchi yetu. Misafara iliyotoka pwani ilipumzika Mpwapwa, ikavuka nyika isiyo na maji, ikaingia Ugogo, ambako watemi walitoza hongo kabla ya kuruhusu watu kupita na kuteka maji. Mwaka 1877 Bwana Alexander Mackay, fundi Mskoti wa misioni ya Kiingereza, alisimamia kazi ya kukata njia toka Saadani hata Mpwapwa, mwendo wa maili 230. Mwaka 1882 alipita Mpwapwa padre James Hannington, akielekea ziwani. Lakini maradhi yalimzidi, akarudi Uingereza. Jina lake mtalisikia tena.

Wazee wetu wa Ugogo hawakupata kuwa na mfalme mmoja wa nchi nzima. Kila mtemi alikuwa na eneo lake dogo, na heshima yake ilifungamana na mvua. Mtemi aliombewa na kuheshimiwa, lakini hakuweza kukaa bila wazee wake, na mvua zilipokoma kwa miaka mingi hata kiti chake kilitikisika. Buganda haikuwa hivyo. Kabaka aliweka wakuu wa nchi na kuwaondoa apendavyo. Aliweza kumpandisha mtoto wa mkulima akawa mkuu, na siku ya pili kumwua. Hapakuwa na baraza lililoweza kumwambia, "Jambo hili hulipati."

Kabaka Mutesa na dini tatu

Uislamu ndio uliotangulia kufika, ukiletwa na wafanya biashara wa Zanzibar, tangu siku za Kabaka Suna. Mwanawe Mutesa, aliyetawala toka 1856 hata 1884, aliupenda, akafunga Ramadhani na kusoma Kiarabu. Lakini vijana fulani wa nyumba yake walipokataa nyama ya machinjo yake, wakisema kwamba yeye hajatahiriwa, aliwaua wengi. Kosa lao halikuwa kuamini, bali kuwa na sheria nyingine iliyo juu ya neno la Kabaka. Tulishike jambo hilo, maana ndilo shina la habari yote.

Mwaka 1875 msafiri Stanley alifika kwa Mutesa, na barua yake ikachapwa katika gazeti la London kuomba walimu. Wamisioni wa Kiingereza wa kwanza wakafika Juni 1877, na mwaka 1879 wakaja mapadre Wafaransa wa Kanisa Katoliki. Mutesa aliwaweka wote karibu naye, akawasikiliza wakishindana mbele yake, leo akipendelea hawa na kesho wale. Alitaka bunduki za wageni na elimu yao, wala hakutaka kuwa chini ya dini yo yote. Vijana wa nyumba yake, walakini, walisoma kweli kweli. Watu wakawaita "wasomaji", maana kusoma na kuamini kulikuwa neno moja.

Siku za Mwanga

Mutesa alipokufa Oktoba 1884, kijana wake Mwanga alirithi kiti. Hakuwa na werevu wa baba yake, na hofu nyingi zilimzunguka. Alisikia kwamba Wadachi wananyang'anya nchi za pwani, akadhani ya kuwa wasomaji ni watangulizi wa wanyang'anyi. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa kanisa la Kiingereza, Makko Kakumba, Yusufu Rugarama na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto. Oktoba mwaka ule ule Hannington, ambaye sasa alikuwa askofu, alikuja kwa njia ya mashariki kupitia Busoga, nayo ndiyo njia ambayo Waganda waliiogopa. Mwanga akaamuru auawe, naye akauawa tarehe 29. Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkatoliki, mtumishi mkubwa katika nyumba ya Kabaka, alimkemea bwana wake kwa tendo hilo, akakatwa kichwa mwezi wa Novemba.

Tarehe 3 Juni 1886, huko Namugongo, Karoli Lwanga na wenziwe wengi wakachomwa moto, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Tangu 1885 hata mwanzo wa 1887 majina 45 yamehifadhiwa: 22 ya Wakatoliki, na 23 ya Waprotestanti. Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu mwaka 1964. Lakini wasomaji wetu na wakumbuke ya kwamba moto wa Namugongo haukuuliza, "Wewe wa misioni gani?" Ulikuwa mmoja tu.

Wasomaji washika bunduki

Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa rahisi kuisimulia watoto: Kabaka mbaya, Wakristo wema. Lakini haiishii hapo, nasi hatutaficha yaliyofuata.

Mwanga alipoona kwamba hawezi kuwamaliza, aliwapa wasomaji wengine bunduki na vyeo, apate kuwatia hofu wakuu wazee wa baba yake. Mwaka 1888 akawaogopa hao nao. Alikusudia kuwapeleka Wakristo na Waislamu katika kisiwa na kuwaacha huko wafe kwa njaa. Shauri likajulikana, wakakataa kuingia katika mitumbwi. Na Septemba mwaka ule, Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti waliungana wakamfukuza, wakamweka nduguye Kiwewa. Vyeo vikagawanywa kwa dini.

Mapatano yao hayakudumu hata miezi miwili. Oktoba Waislamu waliwashambulia Wakristo na kuwatoa mjini. Wamisioni wa pande zote mbili, Waingereza na Wafaransa, walifukuzwa katika chombo kimoja. Na ziwani kiboko akakipiga kikazama. Hivyo watu ambao hawakukubali kusali pamoja waliokolewa majini pamoja. Kiwewa naye, alipokataa kutahiriwa, aliondolewa, na Kalema akawekwa mahali pake. Kalema aliua wana wa wafalme, wanaume kwa wanawake, asibaki mtu wa kushindana naye.

Wakristo walikimbilia Ankole. Na Mwanga alikuwa wapi? Alikuwa amekimbilia kusini ya ziwa, katika nchi ambayo leo ni Tanzania, akapokewa na mapadre Wafaransa wa Bukumbi, karibu na Mwanza. Tazameni ajabu hii: wale wale ambao ndugu zao alikuwa amewachoma moto sasa walimtaka arudi awe mfalme wao, kwa sababu pasipo mwana wa Kabaka hawakuweza kukusanya watu. Stokes, aliyekuwa mmisioni kisha akawa mfanya biashara, alimsafirisha kwa chombo chake. Oktoba 1889 waliingia mji mkuu, wakatolewa tena, na Februari 1890 wakaushika kabisa. Mwezi ule ule Bwana Mackay alikufa kwa homa huko Usambiro, kusini ya ziwa.

Mwanga akaketi tena, lakini hakuwa tena Kabaka wa zamani. Wakristo walikuwa wamegawana vyeo na mashamba yake, nusu kwa Wakatoliki na nusu kwa Waprotestanti. Tena waliweka kanuni kwamba mkuu atakayegeuza dini atapoteza cheo chake. Fikirini jambo hili, ninyi walimu! Dini ikawa kama hati ya shamba. Mtu hakuweza kufuata dhamiri yake bila kupoteza chakula cha watoto wake, na wengi walibaki walipo kwa ajili ya mashamba.

Basi matunda yake yakaonekana upesi. Vyama viwili viliitwa "Waingereza" na "Wafaransa", ingawa wote walikuwa Waganda. Kapiteni Lugard wa kampani ya Kiingereza alifika Desemba 1890 pamoja na askari na bunduki ya Maxim. Mwanzo wa 1892 Mprotestanti mmoja aliuawa katika ugomvi juu ya bunduki. Kabaka akaamua kwamba aliyemwua hana hatia, Lugard hakuridhika, na tarehe 24 Januari Wakristo walipigana na Wakristo mjini Mengo. Kanisa la Rubaga likateketea. Miaka sita haijatimia tangu Namugongo, na ndugu za mashahidi walikuwa wakiuana. Wahenga walisema kwamba wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Lakini hapo hata tembo wenyewe walikuwa wana wa mama mmoja.

Baada ya vita, Wakatoliki walipewa jimbo kubwa la Buddu, na Waislamu walipewa sehemu ndogo. Mwaka 1893 mjumbe wa serikali ya Kiingereza, Sir Gerald Portal, aliwaongezea Wakatoliki sehemu yao, akaweka makatikiro wawili, mmoja wa kila upande. Mwaka 1894 nchi ikatangazwa kuwa chini ya ulinzi wa Uingereza.

Mapatano ya mwaka 1900

Julai 1897 Mwanga aliasi, akashindwa, akakimbilia upande wa Wadachi. Mahali pake akawekwa mwanawe Daudi Chwa, mtoto wa mwaka mmoja. Wakachaguliwa walezi watatu: Apolo Kagwa na Zakaria Kisingiri, Waprotestanti, na Stanislaus Mugwanya, Mkatoliki. Mwanga alikamatwa mwaka 1899, akapelekwa visiwa vya Seychelles, akabatizwa kwa jina la Danieli, akafa huko mwaka 1903. Hata yeye, aliyewachoma wasomaji, alikufa msomaji.

Tarehe 10 Machi 1900 walezi wale na wakuu walitia sahihi mapatano na Sir Harry Johnston. Hapo ndipo kiti cha Kabaka kilipowekwa chini ya maandiko. Kabaka atachaguliwa na Lukiiko, yaani baraza kuu, kwa kura zilizo nyingi, katika uzao wa Mutesa, na serikali ya Kiingereza ikubali. Hukumu ya kifo haitatimizwa bila idhini ya mjumbe wa serikali hiyo. Mawaziri watatu, yaani Katikiro, mwamuzi mkuu na mweka hazina, watafanya kazi ya utawala. Katika Lukiiko watakaa mawaziri hao watatu, wakuu 20 wa majimbo, watu watatu wa kila jimbo, na sita watakaochaguliwa na Kabaka. Jumla yao 89. Neno lililokuwa likitoka katika kinywa cha mtu mmoja sasa lilipaswa kupita katika vinywa vingi.

Je, ilikuwa njema? Ndiyo, kwa maana hapakuwa na Namugongo tena. Lakini mizani ina pande mbili. Kwanza, kamba aliyofungwa Kabaka ilishikwa na mkono wa mgeni. Aliyepunguziwa nguvu si mfalme tu, bali na nchi yenyewe. Pili, maili za mraba 8,000 za nchi ziligawiwa wakuu na wenye mashamba wapatao elfu moja, na mkulima wa kawaida akaamka asubuhi akajikuta mpangaji katika shamba la babu zake. Wakuu wa koo waliona makaburi ya wazee wao yametiwa katika mashamba ya watu wengine, wakanung'unika miaka mingi, hata katika miaka ya 1920 ikawekwa sheria ya kupunguza malipo waliyotozwa wapangaji. Tatu, Katikiro akawa Mprotestanti kwa miaka mingi, Wakatoliki wakabaki na manung'uniko, na Waislamu wakaachiwa sehemu ndogo kuliko wote.

Waingereza wenyewe walikuwa wamepita njia hiyo hiyo. Mwaka 1688 walimfukuza Mfalme James wa Pili, Mkatoliki, aliyetaka kutawala juu ya sheria, na mwaka 1689 bunge lao liliandika haki ambazo mfalme hawezi kuzivunja. Tendo kubwa, nalo limewafaa. Lakini sheria zao ziliwafungia Wakatoliki mlango wa bunge, nao hawakufunguliwa hata 1829. Kumbe kumfunga mfalme kwa sheria ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni sheria yenyewe isiwe mali ya chama kimoja.

Yaliyofuata

Mwaka 1953 Gavana Cohen alimpeleka Kabaka Mutesa wa Pili uhamishoni Uingereza. Waganda wa dini zote wakalia kilio kimoja, wakakutana Namirembe mwaka 1954 kuandika upya mambo ya utawala wao. Oktoba 1955 Kabaka alirudi, na mapatano mapya yakamweka kuwa mfalme anayetawala kwa shauri la mawaziri wake. Lakini walipochagua Katikiro, Matayo Mugwanya, Mkatoliki, alishindwa kwa kura chache, na jeraha la kale likatoneshwa. Uganda ikapata uhuru mwaka 1962, na Mutesa akawa Rais mwaka 1963. Mwaka 1966 jeshi la serikali ya Obote lilishambulia jumba lake. Akakimbia, akafa London mwaka 1969. Falme zikafutwa mwaka 1967. Mwaka 1993 ufalme wa Buganda ukarudishwa, naye Muwenda Mutebi wa Pili akavikwa taji, akiwa mkuu wa mila na utamaduni, asiye na jeshi wala hukumu ya kifo. Kwetu Tanganyika utemi ulikwisha kuondolewa kwa sheria mwaka 1963.

Jibu letu

Sasa, ewe baba uliyetuuliza jioni ile, sikiliza. Waganda walikuwa na mfalme mwenye nguvu uliyemtamani. Waislamu walimweka wao, na Wakristo wakamrudisha wao, na kila mara aliyefikiri, "Sasa kiti ni chetu," aliona damu. Nabii Samweli aliwaonya Waisraeli kabla ya kupewa mfalme, na habari za shamba la Nabothi zatuonyesha kwamba hakunena bure. Mfalme anayeweza kumlazimisha jirani yako aingie katika kanisa lako, kesho aweza kukulazimisha wewe utoke. Heri sheria inayotulinda sote, hata yule ambaye hatukubali sala zake, kuliko mfalme anayetupendelea sisi peke yetu.

Walakini sheria haitoshi kama nyumba zetu ni nyumba za vita. Vita vya Mengo havikuanzia Mengo. Vilianzia katika maneno madogo: mtoto kuambiwa asicheze na watoto wa misioni ile, mke kutukanwa kwa dini ya wazazi wake, mwalimu kuwafundisha wanafunzi wake kuwacheka wengine. Ninyi walimu, fundisheni imani yenu kwa nguvu zenu zote, maana imani isiyojulikana haimsaidii mtu. Lakini mtoto arudipo nyumbani na dhihaka juu ya jirani, jueni kwamba mmempa bunduki mkononi.

Na yule mama, je, alizikwaje? Baada ya neno la mzee yule, wanawe wawili walishika majembe wakaingia kaburini pamoja, wasimngoje mtu. Mkubwa alichimba, na mdogo akatoa udongo. Tulisali sisi, kisha wakasali wao, na wale wengine wakasimama kimya kwa heshima. Jua lilikuwa limekwisha kuchwa. Sisi tuliokuwa tumepaza sauti mchana tulirudi nyumbani gizani, tukifuatana na mwalimu wa upande wa pili, maana njia ilikuwa moja, na taa ilikuwa yake.